Mlio na Mdomo

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, daktari alitoka akivua glavu, akamshika fundi bega. "Tumejitahidi, kaka. Hapakuwa na njia nyingine."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitazama saa ya ukutani, akaona mshale wa sekunde unakwama kila ukifika kwenye tisa. "Ahsante," akasema. Kisha akateremka ngazi kwenda kuhamisha gari, maana aliliacha limeziba njia ya watu.

Wiki ile watu walikuja kusema pole. Walivua viatu mlangoni, wakaketi ukingoni mwa makochi, wakazungumza kwa kunong'ona. Hata mama mkwe wake, aliyehamia kuja kusaidia na ambaye sauti yake ilijulikana mtaa mzima, naye alianza kunong'ona. Nyumba nzima ilishuka sauti, na hakuna aliyeipandisha tena.

Mtoto, wa miaka mitatu, hakukubali kuingia chumbani kwa mama yake. Alifika mlangoni, akasikiliza, akarudi sebuleni.

"Atazoea," alisema mama mkwe, akipita na bakuli la supu iliyopozwa. "Watoto wanazoea upesi, mwanangu."

"Sitaki azoee, mama."

Kazi ya fundi ilikuwa kurekodi sauti za watu: kwaya, matangazo ya biashara, wasomaji wa vitabu. Ya mkewe hakuwahi kuirekodi hata siku moja. Alipopekua simu alikuta ujumbe kumi na mbili, karibu zote nunua hiki, pitia kile, na nyuma yake honi za magari. Mmoja tu ulikuwa safi. Alikuwa anamwita mtoto kutoka uani, "Njooo!", na ile o aliivuta. Fundi aliikata hapo, akaiunga kichwa na mkia mpaka ikawa haina mwisho. O moja ya mkewe, isiyovuta pumzi.

Basi mlio alikuwa nao. Kilichobaki ni kuupa maneno. Alihitaji vokoda, ile mashine inayochukua mlio wa huku na kuufinyanga kwa mdomo wa kule, mpaka mlio utamke.

Akaenda kwa rafiki yake, muuza vyombo vya muziki, aliyeitwa Waya kwa wembamba wake.

"Programu ziko tatu," Waya alisema, akimgeuzia kompyuta. "Hii, hii na hii. Unapakua, unabonyeza, unakunywa chai yako. Wewe unataka kuunga vipande kwa mkono, vichujio vya sauti chungu nzima, nyaya kama utumbo! Kaka, mtu akitaka kuvuka mtaro anaruka. Hajengi daraja."

Fundi alizijaribu zote tatu palepale dukani. Hakuzungumza kwenye maikrofoni, alinong'ona. Ya kwanza ilitoa roboti. Ya pili ilijifanya ina akili: ilidhani mnong'ono ni kelele za upepo, ikaufuta. Ya tatu ilikuwa nzuri, nzuri kweli.

"Inachelewa," fundi alisema.

"Inachelewa nini? Hata nusu ya kupepesa jicho haifiki!"

"Mtoto ataona."

Waya alikuna kidevu. Baadaye, akifungasha vichujio kwenye boksi, alisema bila kuinua macho, "Sauti ya shemeji hairudi, kaka. Hilo unalijua."

"Nalijua. Niongezee nyaya."

Alijenga kwa siku kumi na tisa. Vichujio kumi na sita vya kusikiliza mdomo, kumi na sita vya kuuchonga mlio, na katikati nyaya tupu, bila kompyuta ya kukaa ikifikiri. Siku moja chuma cha kuchomelea kilimgusa kiganja. Alijua kwa harufu. Alilitazama lengelenge likivimba kama vile mkono ni wa mtu mwingine, akaendelea na kichujio cha tisa.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Na dude hili linasema nini?"

"Bado halijasema."

"Siku zote hizi? Marehemu mume wangu alijenga jiko zima kwa siku nne, na moshi ukatoka."

Kidogo fundi acheke. Kicheko kilifika kooni, kikarudi.

Jumamosi alasiri alimaliza. Aliishusha maikrofoni kwenye stendi yake mpaka kimo cha mtu aliyeketi, akaweka kiti mbele yake, akafungulia ile o. Ilijaza sebule, ndefu, bila neno. Alijisikiliza kama kuna lolote ndani yake. Moyo ulikuwa unapiga tu, kama juzi, kama jana.

"Mleteni mtoto," akasema.

Mtoto alikuja amebebwa, akaona zile nyaya, akajificha shingoni mwa bibi yake.

"Si lazima leo," mama mkwe alinong'ona. "Akiogopa hili nalo, tutafanya nini?"

 Fundi alikwenda kwenye mlango wa chumbani, akagonga mara mbili, akarudi kusimama kando ya mashine.

Mlango ukafunguka. Mkewe akatoka na bandeji shingoni, pale daktari alipoziondoa nyuzi za sauti, akaketi kwenye kiti, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akanong'ona, na midomo yake ilivyocheza ndivyo spika ilivyosema, "Nani kamvalisha huyu viatu, cha kulia kushoto?"

Mtoto hakuitazama spika. Alitazama mdomo.

Siku hizi, umeme ukiwepo, anagombezwa kila jioni kabla ya kula.