Wafu Tisini na Tisa

Haya kanihadithia Bi Mwanapili wa Wingwi mwenyewe, Idi Pili ya mwaka huu, tumekaa tunasuka ukili. Alianza hivi: wafu wa Suhail aliwahisabu kwa tasbihi, na ilipoadhiniwa magharibi walikuwa wametimia tisini na tisa.

Suhail ni kijana wa Micheweni, aliyeleta posa kwa Ruweida. Ruweida ni binti wa Mzee Pandu, kaka yake Bi Mwanapili. Mama yake Ruweida alifariki zamani, na Bi Mwanapili ndiye aliyemlea. Sasa posa haijibiwi siku ile ile. Washenga walipewa siku saba, na shangazi akatumwa Micheweni kwenda kumchunguza mume.

Imamu akamsifu. Mwenye duka akamsifu. Jirani akasema, "Hana kasoro, Bi. Ukimtaka, alasiri yuko kwenye kibanda cha gemu cha Abdulnasir."

Bi Mwanapili akaenda. Kwa kuwa kibandani wanachaji pia simu za watu, akatoa simu ya Ruweida aliyopewa aende nayo, ikachomekwa, naye akakaa kwenye benchi kama mngoja simu.

Kwenye TV palikuwa na mji mkubwa, mji wa wezi watupu. Suhail alimtoa mtu ndani ya gari lake, akamkanyaga, akaondoka nalo. Akapanda nalo njia ya waendao kwa miguu. Watu wakaruka kama punje za mtama kwenye ungo.

Bi Mwanapili alijua ni picha. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Lakini mkono ni wa Suhail na nia ni ya Suhail. Akatoa tasbihi. Askari, punje moja. Mwenye baskeli, punje moja. Bibi mwenye kikapu, punje moja.

Ilipomalizika duru nzima ya tasbihi alishindwa kuvumilia. "Mwanangu, yule bibi kakukosa nini?"

"Kakatiza njia," alisema Suhail, macho kwenye TV.

"Na yule aliyekuwa kakaa zake kitini?"

Hapo Suhail akageuka, akamtambua. Pedi ya gemu ikamponyoka. "Shikamoo, Shangazi! Huu mchezo tu!"

"Marahaba. Hata kuku hachinjwi bila bismillahi. Wewe watu tisini na tisa, na bismillahi sikuisikia hata moja."

Kibanda kizima kikacheka, isipokuwa Suhail.

"Kesho baada ya alasiri," Bi Mwanapili alisema, "utaendesha humo humo, saa nzima. Akifa mtu mmoja kwa mkono wako, posa imerudi."

Alipofika nyumbani Wingwi alimkuta Ruweida anachambua mchele, akamweleza yote, mpaka jina analojiita Suhail humo mchezoni, lililoandikwa kwenye TV. Ruweida hakushtuka.

"Kutoua si kazi, Shangazi. Kila mtu mpole asipochokozwa." Akapepeta kidogo. "Kesho saa ngapi?"

"Baada ya alasiri."

"Haya. Na simu imejaa?"

"Imejaa."

Kesho yake kibanda kilifurika mpaka nje. Suhail akaanza. Taa nyekundu, akasimama. Watu wanavuka, akangoja. Mbwa anavuka, akangoja. Magari ya nyuma yakapiga honi, naye jasho linamtiririka kama anayebeba gunia.

"Suhail, hata jeneza linakwenda mbio kuliko hivyo!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni," akajibu mwenzake. "Kafungiwa mke kwenye breki."

Nusu saa ikapita bila maiti. Bi Mwanapili alishaanza kufikiria sinia za biriani, pakatokea gari jekundu. Likaja kwa nyuma, likamkumba Suhail, likampindua, akawaka moto.

"Nani huyo?" Bi Mwanapili alisimama.

"Huyo si mashine, Bi," alisema Abdulnasir. "Ni mtu kabisa, yuko kwake na simu yake, anaingia kwa mtandao. Hatumjui. Jina lake ndiyo kwanza leo nalisoma."

Katika mji ule maiti hufufukia hospitali. Suhail akafufuka, akatafuta gari jengine, akasimama kwenye taa. Gari jekundu likarudi, likamchoma mara ya pili. Akafufuka. Likamchoma mara ya tatu.

Mara ya nne likasimama mbele yake, karibu, kioo kimeshushwa. Suhail alikuwa na bunduki mkononi.

"Mpige! Mpige huyo!" vijana wakapiga kelele.

Suhail akamtazama Bi Mwanapili. Bi Mwanapili akaishika tasbihi, punje moja kati ya vidole, hajaivuta.

Suhail akashusha bunduki, akakisogeza karibu na mdomo kile kidude wanachosemeshania wachezaji. "Ndugu yangu," alisema, "kama nimekukosa, nisamehe. Mie leo natafuta mke."

Gari jekundu likapiga honi moja, likageuza, likaenda zake. Saa ikatimia, na tasbihi haikusogea.

Bi Mwanapili akarudi Wingwi na gari la mwisho. Watu walikwisha sali isha, Ruweida kajilaza kitandani, simu kifuani.

"Kafaulu!" Bi Mwanapili alisema hata buibui hajavua. "Mume ni yule. Ila yupo mlaanifu mmoja wa gari jekundu! Mara tatu kamchoma moto mtoto wa watu, bure bileshi. Sijui huyo kalelewa na nani."

Ruweida akapiga miayo. "Mwambie baba nimeridhia, Shangazi. Nilimpania na ya nne, lakini aliponiomba radhi mkono ulinishinda."

Akakigeukia kiambaza, akalala.