Chatu Aliyekataa Nyumba ya Kioo

Bisha ukitaka! Ngedere mmoja mwenye majivuno alifuga chatu, akamchagulia kizimba cha kioo, kipana kama sebule, ili majirani wamtazame. Chatu akasusa kula, akabaki kamba tupu.

"Bwana mkubwa, nitakufa humu. Mie napenda panaponibana, penye giza. Ule mtungi wako mbovu unanitosha."

"Mtungini nani atakuona, mshamba wewe?"

"Basi ingia, unionyeshe watu wanavyokaa kwenye kioo."

Ngedere akaingia, akapiga pozi. Chatu akateleza nje, akasukuma komeo kwa mkia, akala mmoja wa panya aliokuwa akiletewa, akajikunja mtungini. Majirani wakamtazama Ngedere kutwa.

Kuna kipande nimeruka: Ngedere ni mimi. Walipofungua jioni, niliwasihi warudishe komeo, kesho waje na wenzao.