Soksi Yenye Nywele

Wavinya alikuwa tayari kuandika jina la gugu kwenye lebo, pale kando ya mto Njiru, mamake alipong'oa jingine topeni.

"Hili si lile," mama akasema.

"Mwaitu," Wavinya akamwita mamake, "ni lile lile. Ua la rangi ya waridi, jani refu. Nimelisomea chuoni miaka minne."

"Wewe umelisomea. Mimi nimeling'oa kwa shamba langu la sukuma wiki miaka ishirini. Hebu guza."

Gugu hilo lina magoti mengi, na kila goti limevaa ngozi nyembamba kama soksi. Soksi za gugu la Wavinya zilikuwa laini. Za gugu la mama zilikuwa na nywele mdomoni, ndefu kama kope, zikamkwaruza Wavinya kidole.

Wavinya akafungua kitabu. Jamaa ya gugu hilo ilikuwa na aina saba. Akazipitia zote, kisha akazirudia polepole. Hakuna hata moja yenye nywele kama hizo.

Akatoa lebo mpya. Penye "Aliyeligundua," kalamu ikasita.

"Mwaitu," akauliza, "kwa kitambulisho, jina lako limeandikwa vipi?"