Gunia la Umm Shatha

Ulimwona. Usijifanye hukumwona. Jua la utosi, Umm Shatha amesimama kwenye mlango wa nyuma wa duka la mgao, gunia la unga begani, bunduki mbili zinamtazama kifuani, nawe ukainama kufunga kamba za viatu.

Mlango wa mbele wa duka hilo waliutia mnyororo wageni wenyewe. Ndio hao hao waliotuwekea vikwazo miaka ile, hata dawa ya kikohozi isiingie Baghdad. Mgao ndio uliotuvusha: unga, mchele, sukari, mafuta, kila mwezi, kila nyumba. Sasa wameingia na vifaru vyao, wanasema chakula cha serikali kinatulemaza, tukanunue sokoni. Wakaanza na mtaa huu, kwa majaribio. Tangu hapo jirani wa Umm Shatha, Umm Salwan, kipofu anayelea wajukuu yatima, anawalaza kwa chai tupu.

"Mama, tua gunia," alisema mkalimani, kijana wa hapa hapa, uso kaufunika usijulikane.

"Nawe vua hiyo soksi kichwani, mwanangu. Utaiva humo."

Kapteni wa wale wageni alibwata kitu.

"Anauliza umeanza lini kuiba."

"Mwambie nilianza siku aliyofunga yeye."

"Wenzako ni nani?"

"Mtaa mzima. Alete lori, hako kagari hakatutoshi."

"Na unga huu umeutoa wapi?"

"Jikoni kwangu."

Mkalimani alishusha sauti. "Mama, usinitanie. Watakufunga hawa."

"Wanifunge. Leo ni siku ya mgao."

"Mgao umekwisha, mama."

"Umekwisha kwenu. Wajukuu wa Umm Salwan leo wanakula, huyo bwana wako apende asipende."

Gunia hakulitua.

Kapteni alikumbuka kuwa siku ya kufunga duka alifungia mle magunia matatu ya serikali. Akamsukuma mama pembeni, akaupiga mlango teke, aone kama limesalia hata moja.

Yalikuwapo yote matatu, kona ya mbali, vumbi juu yake, kamba hazijaguswa. Kutoka hapo hadi mlangoni hapakuwa na pa kukanyaga: foronya zilizojaa mchele, makopo ya maziwa ya watoto yaliyojaa sukari, chupa za soda zenye mafuta, masufuria ya dengu yaliyofunikwa kwa vitambaa vya jikoni, kila kitambaa na rangi yake, kila kimoja cha nyumba yake.

Umm Shatha alilisogeza gunia begani, akawageukia majirani wote waliokuwa wamesimama wakitazama.

"Mmeduwaa nini? Shikeni upande huu tuliingize ndani. Halafu nendeni mkalete na chenu."