Mtaa Uliotimia Mia kwa Mia

Sheria ilikuwa fupi: mtaa ukimaliza chanjo ya kipindupindu, maji yake hayatiwi tena dawa. Siwema hakuambiwa, ingawa yeye ndiye aliyewabembeleza majirani wabishi, Mwanahija akiwemo, hadi wakainywa chanjo wote. Asubuhi hii fundi wa maji alikuja kung'oa pampu ya klorini.

"Hongera, mama. Mmetimia mia kwa mia."

"Mia ipi? Mtoto wa Mwanahija ana miezi tisa. Chanjo huanzia mwaka mmoja!"

"Wa umri huo hawahesabiwi, mama," akasema, akaondoka na pampu yake.

Siwema alikwenda mbio kwa jirani yake.

"Shoga, usimpe mtoto maji kabla ya kuyachemsha."

Mwanahija alimkumbatia mwanawe kifuani.

"Na hilo nalo wamekutuma wale wa chanjo?"