Sinia la Ijumaa

Miaka hiyo mswaki wenyewe ulitambua damu ya fizi na kuwasha taa nyekundu, na aliyewakiwa taa hiyo hakuruhusiwa kula sinia moja na wenziwe mpaka apone. Bi Mwatime, mjane, hakuwa na raha nyingine ila sinia la Ijumaa baada ya swala, yeye na wajukuu. Fizi zake za nyuma zilipoanza kuvuja damu, akaacha kusugua magego, akawa anasugua meno ya mbele tu. Taa haikuwaka.

Ijumaa moja gego likamdondoka katikati ya wali.

"Bibi, kokoto hiyo!" mjukuu akacheka.

Saumu, binti wa Bi Mwatime, aliliokota, akaona lilivyojaa ukoga, akalia. "Mama, damu ilikuwa inakwambia usugue vizuri, uende kwa daktari. Si uache!"

"Nilihofu mtanitenga, mwanangu."

 Mmoja mmoja wajukuu wakatoa mikono kwenye sinia, kama walivyofundishwa shuleni.