Kofia Yenye Feni

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Chinguile alimwaga saruji kwenye chumba cha kuchanganyia kwa pumzi moja: anaivuta nje, anaibana, anamwaga mfuko, kisha anakimbilia mlangoni kupumua. Daktari alishamwambia vumbi likiendelea kuingia kifuani, kazi aiage.

Barakoa za kubana uso zilivuja kwenye ndevu zake, na kunyoa hataki. Leo Bi Tatu, msimamizi wa usalama, akamletea kofia pana yenye kioo, bomba mgongoni, na feni yenye chujio na betri kiunoni.

"Hii haijali ndevu, mzee wangu. Usikie kwanza upepo usoni, ndipo uingie."

"Mbona umenivalisha kama mrina asali?"

"Nyuki wako ni saruji. Nenda!"

Akaingia, akabana pumzi, akamwaga. Macho yakamtoka.

"Vuta pumzi, mzee!" Bi Tatu akapiga kelele mlangoni. "Utanifia humo na hewa iko puani!"

Akavuta. Hewa ikaingia safi, ya baridi, kama ya alfajiri shambani. Vumbi lilimzingira pande zote, wala halikumgusa. Akavuta tena, polepole, mkono kifuani.

Mfuko ulishakwisha na mlango ulikuwa wazi, lakini Chinguile alisimama palepale katikati ya wingu, feni ikivuma kiunoni kama mzinga.